Jalada Lililokosekana

Dada yangu Hamisa hana tabia ya kupiga simu. Akipiga, ujue kuna msiba. Siku ile nilikuwa kibandani kwangu Segera nafungua spika ya mteja. Alisema, "Mhina, wale watu wamefika huku. Njoo uondoe vitu vya shemeji yako." Akakata.

Wale watu niliwajua. Habari zao zilikuwa zimezagaa tangu masika: kikundi cha waganga wanaotoka kijiji hadi kijiji kutoa uchawi. Wakikaribishwa, wanaingia nyumba baada ya nyumba, wanachimba sakafu, wanapekua dari, wanatoka na vibuyu na mifupa. Mwenye nyumba ananyolewa kichwa mbele za watu na kuchanjwa. Huyo ndiye aliyepona. Kijiji kimoja walichopitia, mama mtu mzima alinyolewa asubuhi, na jioni vijana wakaichoma nyumba yake, naye yumo ndani. Serikali imeyakataza mambo hayo. Serikali iko mbali.

Nikafunga kibanda, nikawasha pikipiki.

Ernesti, marehemu mume wa dada, alikuwa Msambaa wa Vugiri. Ujanani alikuwa mpishi wa mhandisi mmoja Mwingereza kwenye shamba la mkonge, Korogwe. Yule mzungu alikuwa mgonjwa wa bendi moja ya kwao, bendi ya magitaa ya kelele iitwayo Harrowmoor, na ugonjwa huo akamwambukiza mpishi wake. Alipoondoka nchini alimwachia gramafoni na santuri zote za bendi hiyo alizokuwa nazo. Baada ya hapo, kila mara bendi hiyo ilipotoa santuri mpya, alimtumia moja kwa posta ya Korogwe. Wakati mwingine mwaka mmoja ulipita, wakati mwingine sita, lakini santuri ilikuja. Mzungu akafa, binti yake akaendelea kutuma. Wapiga magitaa wenyewe wakazeeka, wengine wakafa, wakaingizwa wengine, bendi haikufa. Kiingereza Ernesti hakukijua. Kila santuri aliipa jina kwa picha iliyo kwenye jalada lake: Kilima, Mti Mkavu, Farasi, Kisima, Jeneza. Jumapili akitoka kanisani, dada akiwa ameshamaliza kuswali adhuhuri yake, alipiga moja, na Jumapili iliyofuata akapiga inayofuatia, mpaka zikaisha akaanza upya. Kijiji kizima kilisikia. Mwanzoni walicheka, baadaye wakazoea.

Tatizo halikuwa kelele. Tatizo lilikuwa majalada. Nembo ya bendi ile ni bundi, na hakuna jalada hata moja ambalo hayumo. Kwenye la kwanza yuko mbali, nukta tu juu ya kilima. Kwenye la pili yuko kwenye mti. Kila santuri anasogea. Kwenye ile ya mwisho, iliyofika mwaka aliokufa Ernesti, hakuna kitu kingine ila jicho moja la manjano lililojaa jalada zima. Huko kwao labda bundi ni ndege kama kunguru. Kwetu Handeni si hivyo. Mimi mwenyewe sikupenda kulala chumba chenye lile sanduku la santuri zake.

Kijiji cha dada kiko ndani ndani ya Misima. Nilipofika kiingilio nikakuta gogo limelazwa barabarani na vijana wameshika fimbo. Mmoja namjua, Ikram, muuza petroli ya chupa.

"Shikamoo, mzee Mhina."

"Marahaba. Gogo la nini?"

"Amri ya mganga. Kuingia ruhusa. Kutoka na mzigo, mpaka kazi iishe."

"Nimekuja kumsalimia dada yangu."

"Msalimie sana," akasema, na wenzake wakacheka. Kile kicheko sikukipenda.

Hamisa alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, hapiki kitu. Uso ulikuwa umemkauka. Mwaka ule kijiji kilikuwa kimepigwa. Faudhia alikufa akijifungua. Deogratius alipigwa na radi akiwa shambani, na mvua yenyewe haikunyesha. Mahindi yaliungua yakiwa magotini.

"Wanasema muziki wa marehemu ulikuwa unaita," dada aliniambia.

"Nani kasema?"

"Wote. Ila ukimuuliza mmoja mmoja, hakuna aliyesema."

"Wako wapi sasa?"

"Kwa Zamda. Baada ya hapo kwa Upendo. Baada ya hapo ni mimi."

Nikamwambia tuzichome. Akaniangalia kama mtu anayemtazama mjinga.

"Moshi wa plastiki mweusi, mchana kweupe, na wao wako jirani? Si bora niwaite tu?" Kisha akashusha sauti. "Na hata pasingekuwa na moshi, Mhina, sichomi. Yule mtu hakuniachia mtoto wala shamba. Kaniachia hizo."

Kuzitoa nje ya kijiji haiwezekani. Kuzichoma hataki. Nikasema basi tuzifukie. Kwenye banda la mbuzi udongo ulikuwa laini, nikachukua jembe. Dada akaleta kaniki yake kuukuu, kwa sababu ndiyo nguo pekee nzito aliyokuwa nayo, tukazifunga humo ili udongo usiingie. Kisha akaleta majivu ya jikoni. Mchwa wa Handeni wanakula mlango ukiwa umefungwa, na kila mkulima wa huku anajua kwamba kitu unachotaka kipone ardhini unakizungushia majivu. Akayamwaga chini, pembeni na juu. Nikafukia, nikakanyaga, nikawarudisha mbuzi.

Tulikuwa watu wawili wazima, tumezaliwa na kukulia huku huku, na hatukuona tulichokuwa tunafanya. Tulikuwa tunatunza karatasi zisiliwe.

Kiongozi wao aliitwa Sabiri. Nilitegemea mtu mwenye manyoya na ngozi ya chui. Alikuwa mwembamba, shati limenyooshwa pasi, viatu vya mvua miguuni, sauti ya upole kama ya mtu anayeuza dawa za meno stendi. Nyuma yake kijiji kizima. Mwenyekiti wa kitongoji, Gerald, alikuwa mbele akijifuta jasho, hataki kuniangalia.

"Shikamoo, mama," Sabiri alimwambia dada.

"Marahaba."

"Tumekuja kukusaidia."

Ndani hawakukuta kitu ila gramafoni. Waliiangalia, wakaitikisa, wakaiacha. Nikaanza kupumua. Kisha Sabiri akazunguka nyuma, akasimama kwenye uzio wa banda, akatulia pale, akiwatazama mbuzi. Mbuzi wote walikuwa wamejibana upande mmoja. Walikuwa wamejibana kwa sababu nilikuwa nimewafukuza na jembe muda si mrefu, lakini nani angesema hivyo?

"Wanyama hawadanganyi," Sabiri alisema. "Chimbeni pale."

Jembe la kwanza lilitoa udongo. La pili lilitoa majivu. La tatu likanasa kwenye kitambaa cheusi.

Watu hawakupiga kelele. Walivuta pumzi wote kwa pamoja, na ile sauti ilinitisha kuliko kelele. Ndipo nilipoona. Kaniki, majivu, shimo bichi ndani ya zizi. Hata mimi ningekuwa nimesimama upande ule, ningeamini.

Wakalibeba furushi mpaka uwanjani, wakatandika mkeka. Sabiri akalifungua mwenyewe kwa ncha ya fimbo. Jicho la manjano lilikuwa juu kabisa. Mama mmoja akakimbia na mtoto wake mgongoni.

"Mama," Sabiri alimwambia dada, bado kwa upole, "zipange. Kama marehemu alivyokuwa anazipanga."

Hamisa akapiga magoti. Hakukosea hata moja. Akaziweka mstari mmoja, kuanzia ya zamani mpaka ya mwisho. Mimi niliyezijua miaka yote sikuwahi kuziona zote pamoja juani. Bundi alikuwa anatoka mbali kule kilimani, anakuja, anakuja, mpaka anakuangalia wewe.

"Mnaona anavyokuja?" Sabiri aliuliza.

Waliona.

"Huyu hapa kwenye mti mkavu, ndio mahindi yenu. Huyu kwenye jeneza, mnamjua ni nani." Mama yake Faudhia akaanza kulia. Sabiri akaendelea, jalada kwa jalada, na kila moja lilipata marehemu wake. Ningetaka kusema kwamba Jeneza lilichapwa Ulaya kabla Faudhia hajazaliwa. Lakini nani angesikiliza?

Akafika kwenye la mwisho, akaligeuza. Nyuma yake bendi ilikuwa imechapa picha ndogo ndogo za santuri zake zote zilizotangulia, kwa mpangilio, kama zinavyouzwa. Sabiri hakuwa mjinga. Akaanza kuweka kidole kwenye picha ndogo, kisha anatazama mkekani. Kilima, kipo. Mti, upo. Farasi, yupo. Kidole kikasogea, kikasimama.

"Hii iko wapi?"

Akaliinua juu watu waone. Picha ndogo ya nyumba yenye paa la nyasi, na bundi ametua juu ya paa.

"Hawa wengine walikuwa njiani," alisema. "Aliyetua ndiye anayeua. Nauliza, yuko juu ya paa la nani?"

Naapa, watu waligeuka kuangalia paa zao.

"Haipo," dada alisema. "Ilivunjika zamani."

"Iko wapi?"

"Nimesema ilivunjika."

"Mama, ukiitoa utanyolewa tu, uishi. Usipoitoa, mimi nitaondoka hapa jua likigeuka, na sitajua kitakachofanyika nyuma yangu."

Nyuma yangu nikasikia maji yanachururika ndani ya chupa. Nikageuka. Hayakuwa maji. Ikram alikuwa ameisukuma pikipiki yangu mpaka pale, amechomoa mpira wa petroli, anaikinga. Alinitazama usoni, akaangalia pembeni, akaendelea kukinga.

Mimi nilijua lile jalada lilipo, na dada alijua. Santuri yenyewe ilivunjika kweli, siku ya ubatizo wa Clinton, mtoto wa Filomena, rafiki wa dada wa miaka mingi. Ernesti alikuwa amepeleka gramafoni watu wacheze, na mtu mmoja mnene akaikalia santuri. Ernesti hakula siku nzima. Jalada likabaki kwa Filomena, na lilikuwa kwake mpaka siku ile. Neno moja tu kutoka kwangu, na umati wote ungehamia kule na chupa yao.

Nasema kama lilivyo: nilikuwa nimeshafungua mdomo. Hamisa akanikanyaga mguu, kwa nguvu zake zote, bila kuniangalia.

Filomena alikuwa amesimama mstari wa mbele, ameuma pindo la kanga. Nikamtazama, akanitazama. Kisha akageuka, akapenya katikati ya watu, akaenda zake. Nikasema moyoni, amekimbia. Anaenda kulichoma, na sisi tutachomwa hapa.

"Jua linageuka," Sabiri alisema.

Gerald mwenyekiti akakohoa. "Mhina, mshauri dada yako."

"Nimshauri nini? Atoe kitu ambacho hana?"

"Basi kitafuteni!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na mwingine akasema, "Wapelekwe ndani wakatafute, mlango ufungwe!" Watu wakaanza kusogea. Mkono ukanishika ukosi. Mwingine ukamshika dada kwenye mtandio, mtandio ukatoka, na mvi zake zikabaki wazi mbele ya wanaume wale wote. Alitafuta mkono wangu, akaushika kama alivyokuwa akiushika nilipokuwa mdogo tukivuka korongo.

"Nipisheni," sauti ya mwanamke ilisema.

Filomena alikuwa amerudi. Mkononi alikuwa na kitu bapa cha mraba, kimevalishwa nailoni, kinadondosha maji. Akakiweka juu ya mkeka, kwenye pengo, uso chini.

"Hicho hapo."

Sabiri akakigeuza kwa fimbo. Bundi juu ya paa, chini ya nailoni, akiwa na matone ya maji machoni.

"Kilikuwa wapi?" Sabiri akauliza.

"Kwangu. Ndicho kifuniko cha mtungi wangu wa maji, tangu Clinton mdogo. Nilikilaza uso chini kwa sababu yule ndege alikuwa ananikodolea."

"Uso chini," Sabiri akarudia taratibu. "Alikuwa anaangalia maji."

"Ndiyo. Alikuwa anaangalia maji." Filomena akawageukia watu. "Nani hapa hajanywa maji kwangu?"

Mnapajua Handeni kwa maji. Watu wanakwenda lamboni kuchota alfajiri, wanarudi jua limepanda, na nyumba ya Filomena ndiyo ya kwanza njiani. Kila mtu anasimama pale, anakunywa kikombe, anapumzika, anaendelea. Misiba yote, maji yametoka kwenye mtungi ule. Harusi zote.

Nikamwona Zamda anashika tumbo lake. Kijana mmoja akatema mate, akatema tena.

"Mama Clinton," Gerald alisema polepole, "hata leo asubuhi?"

"Leo asubuhi nimewapa maji wageni wetu. Huyu mganga kanywa vikombe viwili. Kasema maji yangu ni matamu."

Watu wote wakamgeukia Sabiri. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya upole.

"Mimi nina kinga."

"Na sisi?" Gerald akauliza.

"Waliokunywa wote watachanjwa upya. Na nyumba zao zichimbwe."

"Yangu umeichimba leo ukasema safi," Upendo alidakia.

"Itachimbwa tena."

"Wote?"

"Wote waliokunywa."

Hapo ndipo nilipoona woga unahama. Sikuona huruma kwenye uso wa mtu yeyote, msidhani hivyo. Niliona kila mmoja anaikumbuka nyumba yake. Hakuna nyumba isiyo na kitu: hirizi ya mtoto, mzizi wa biashara chini ya kizingiti, kopo ambalo babu alilifunga na hakuna aliyelifungua. Mara ya kwanza walivificha vizuri. Nyumba zikichimbwa mara ya pili je? Na majembe yakiwa ya jirani mwenye hasira? Mkono uliokuwa kwenye ukosi wangu ukalegea. Mtu wa nyuma akasema ana mbuzi hajawanywesha. Mwingine akasema mtoto yuko peke yake nyumbani. Wakaanza kupungua pembeni, kama watu wanaotoka msibani kabla ya kuombwa mchango.

Sabiri alijua kusoma watu. Akasema yule aliyetua ameshavunjwa nguvu na maji, na kilichobaki ni kuwateketeza wale waliokuwa njiani. Gerald akakubali haraka. Akakubali kila mtu.

"Chomeni," Hamisa alisema. Alikuwa anajifunga mtandio.

Wakamwagia petroli ya pikipiki yangu. Kilima, Mti Mkavu, Farasi, Kisima, Jeneza, Jicho. Plastiki ilijikunja ikalia, moshi mweusi ukaenda upande wa Korogwe. Filomena alikuwa ameshaokota kifuniko chake.

"Na hicho?" kijana wa Sabiri akauliza.

"Hiki ni cha mtungi," alisema, akakibana kwapani. Hakuna aliyetaka kumgusa.

Waganga waliondoka kesho yake. Nilimbembeleza dada aje Segera, akakataa. Alisema akiondoka watasema kumbe ni kweli. Miezi ile alilala na taa inawaka, na mimi simu ikilia tu naacha kazi niliyoshika. Watu walimsalimia, walijibu salamu zake, na ukiwasikiliza tu usingejua kuna kitu. Ila hakuna aliyeingia kwake, isipokuwa Filomena.

Kisha wiki iliyopita nikapita posta Korogwe kufuata mzigo wa vipuri. Mhudumu akaniuliza kama namjua Ernesti fulani, maana kuna kifurushi chake. Cha mraba, bapa. Stempu za Uingereza. Sikuhitaji kukifungua. Yule binti wa mzungu hakuna aliyemwambia kitu, na wale wazee wa magitaa bado hawajachoka.

Nilifikiria kukitupa Mto Pangani. Nilisimama darajani kabisa. Badala yake nikampigia dada, nikamwambia.

Akasema: "Lete."

"Dada, unataka kufa?"

"Tulizika ndiyo maana wakachimba. Hii usiifunge. Usiifiche. Mtungi wangu nao hauna kifuniko."

"Wataona."

"Waone. Nataka waione na wanywe."

Kwa hiyo nikaivua karatasi pale pale Korogwe, nikaifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira, picha juu. Njia nzima nilihisi kitu kinaniangalia mgongoni. Gogo kwenye kiingilio cha kijiji halipo tena, lakini Ikram yupo pale pale, ana meza yake ya chupa za petroli. Akainua mkono nisimame, nikasimama.

"Shikamoo. Umebeba nini, mzee Mhina?"

"Santuri ya marehemu shemeji yangu. Imekuja mpya."

Akaja nyuma, akainama kuangalia. Mimi sikuwa nimeitazama vizuri mpaka hapo. Ni bundi yuko angani, amefungua mabawa, jioni nyekundu, hana nyumba wala mti.

Ikram akamwekea kidole yule bundi. "Huyu anaondoka au anakuja?"

Nikaangalia. Kweli ilikuwa haijulikani.

"Ni kifuniko cha mtungi wa dada yangu Hamisa," nilisema. "Baadaye upite, unywe maji."

Akafuta mikono yake kwenye suruali, mikono inayonuka petroli. Aliitazama barabara iendayo kwa dada, akalitazama lile jalada.

"Nitapita," alisema. Hakusema lini.